Karani wa forodha aliyekataa kukata tamaa

Wapo wanafunzi waniulizao, na mara nyingine walimu wenzangu, kuna faida gani kuketi darasani tukichambua riwaya ilhali dunia inateketea. Hutaja vita vilivyozuka Ukraine mwaka wa 2022 na vile vya Sudan mwaka uliofuata. Hutaja Goma, mji wa watu wasemao lugha hii hii yetu, ulioangukia mikononi mwa waasi Januari 2025. Swali lao si la kipuuzi. Kila niulizwapo, fikira zangu hunipeleka kwa hayati Shaaban Robert, wala si kwa ajili ya mtihani.

Alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka wa 1909, Tanganyika ikitawaliwa na Wajerumani. Alikuwa mtoto wa miaka mitano Tanga ilipopiganiwa Novemba 1914. Akasoma Dar es Salaam kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akaajiriwa karani katika idara ya forodha, kazi aliyoishika hadi 1944. Ukarani wa Mwafrika zama zile ulikuwa na mshahara mdogo na heshima ndogo zaidi. Mtu mwenye kipawa kile, akihesabu mizigo ya wengine!

Nyumbani nako mauti yalimpokonya mkewe Amina, naye akamwombolezea kwa shairi ambalo wengi wetu tunalijua tangu ujana. Vita vikuu vya pili vilipoanza 1939 alikuwa angali forodhani. Jibu lake kwa vita vile lilikuwa utenzi wa beti zipatazo elfu tatu. Hebu mwalimu aipime kazi hiyo: beti elfu tatu, kila ubeti na vina vyake, mtunzi akiwa mtumishi wa serikali mchana kutwa.

Sisemi utenzi huo hauna walakini. Aliuita wa vita vya uhuru, akiwatukuza Waingereza na washirika wao, hali watu wake mwenyewe walikuwa chini ya utawala wa hao hao Waingereza. Jambo hilo hunikera kila niusomapo. Lakini sidhani kwamba mwenyewe alilisahau, maana mwaka wa 1951 kilitoka kitabu chake cha Kusadikika.

Nchi hiyo inayoelea angani haimvumilii mtu mwenye kufikiri. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kutaka elimu ya sheria ifundishwe. Badala ya kuitetea nafsi yake tu, anasimulia mbele ya mfalme habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, hata mbinguni na ardhini, wakarudi na maarifa ya kuiponya nchi, wakatiwa gerezani. Aghalabu tunakifundisha kitabu hiki kama hadithi ya ushindi, kwa kuwa mwishowe wajumbe wanafunguliwa. Mimi naona uzito wake uko kwingine. Mjumbe wa kwanza alipofungwa, wa pili alikuwa na kila sababu ya kuikataa safari, lakini akaenda. Wa sita naye akaenda, watano wakiwa wamekwisha kutangulia gerezani. Hakuna aliyeahidiwa kwamba siku moja atatokea Karama wa kumtetea.

Nadhani hapo mwandishi alikuwa akijisema mwenyewe. Aliandika miaka nenda miaka rudi, usiku baada ya kazi, na baadhi ya miswada yake ikabaki kuwa miswada. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akafariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Utenzi ule wa vita ulichapishwa mwaka wa 1967, pamoja na Kufikirika. Utubora Mkulima, kisa cha mtu aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima shamba, kilifuata 1968, miaka sita baada ya mkono ulioviandika kuzikwa.