Joy Adamson: Mchoraji Aliyefunikwa na Kivuli cha Simba

Utangulizi

Jina la Joy Adamson linapotajwa, mawazo ya wengi humwendea simba jike aliyeitwa Elsa. Kitabu kilichosimulia maisha ya simba huyo kilisomwa katika lugha nyingi duniani, na filamu iliyotokana nacho ikatazamwa na watu wasioweza hata kuionyesha Kenya kwenye ramani. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa mwandishi, mama huyu alikuwa mchoraji, na kwamba mamia ya picha za watu wa Kenya zilitoka mikononi mwake katika miaka ya mwisho ya ukoloni. Makala hii inasimulia maisha yake kwa kuelekeza macho kwenye brashi badala ya simba. Aidha, inakusudia kuchunguza suala moja ambalo msomi wa fasihi hawezi kulipuuza: katika kumbukumbu za kale, ni nani hupewa jina na ni nani hunyimwa?

Asili na malezi

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, eneo la Silesia, uliokuwa chini ya milki ya Austria na Hungaria. Mji huo leo unaitwa Opava nao umo katika Jamhuri ya Cheki. Wazazi wake, waliokuwa watu wa mali, walimpa jina la Friederike Viktoria Gessner. Ndoa yao ilivunjika angali mtoto, akalelewa na nyanya yake. Baadaye aliishi Vienna, mji uliosifika kwa muziki na sanaa, akajifunza kupiga piano, kuchonga sanamu na kushona nguo. Alijaribu pia masomo ya utabibu asiyafikishe mwisho. Ujana wake ulikuwa wa mtu mwenye vipaji vingi asiyejua ni kipi kitakachomshika mkono.

Mwaka wa 1935 aliolewa na Viktor von Klarvill, mfanyabiashara mwenye asili ya Kiyahudi. Huo ulikuwa wakati ambapo chuki ya Wanazi ilikuwa ikienea Ulaya kama moto wa nyikani. Mumewe alitafakari kuhama, akamtuma mkewe Kenya mwaka wa 1937 kuangalia iwapo wangeweza kupata makao huku. Safari hiyo iligeuza mkondo wa maisha yake. Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Ndoa ya kwanza ikafika kikomo, na mwaka wa 1938 akaolewa na Bally. Ni Bally aliyempa jina la Joy, yaani furaha. Yafaa msomaji ayatie akilini majina haya tangu sasa: mwanamke huyu mmoja alipata kuitwa Gessner, von Klarvill, Bally na hatimaye Adamson, na kila jina limehifadhiwa.

Mchoraji wa maua

Bally alizunguka nchini akikusanya mimea, na mkewe alifuatana naye, ikiwemo safari ya milima ya Chyulu mwaka wa 1938. Kazi ya mtaalamu wa mimea ina tatizo la asili. Ua likikatwa na kubanwa katikati ya karatasi ili likauke, umbo lake hubaki lakini rangi yake hutoweka. Kabla ya picha za rangi kuenea, ni mkono wa mchoraji tu ulioweza kuikamata rangi hiyo, na ilimlazimu afanye upesi kabla ua halijanyauka. Joy alianza kuchora kwa rangi za maji palepale porini. Haikuchukua muda ikadhihirika kwamba ana jicho kali na subira ya kuhesabu kila petali na kila mshipa wa jani.

Picha zake zilitiwa katika vitabu kuhusu mimea na bustani za Afrika Mashariki. Mwaka wa 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunukia nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo. Wakati huo ndoa yake na Bally ilikuwa imekwisha kuvunjika. Mwaka wa 1944 alikuwa ameolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia sehemu kubwa ya kaskazini mwa Kenya akiwa na makao yake Isiolo. Kwa ndoa hii alipata jina ambalo ulimwengu ungemjua nalo, na akapata pia njia ya kufika mahali ambapo wachoraji wengine hawakufika.

Sura za watu wa Kenya

Mwaka wa 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora picha za watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba mila zilikuwa zikififia kutokana na misheni, shule, kazi za mshahara na maisha ya mijini. Kazi iliyoanza kwa makabila takriban 20 ilipanuka mikononi mwake. Kwa muda wa miaka sita hivi alisafiri toka pwani hadi Ziwa Victoria, toka nyanda za juu hadi jangwa la kaskazini. Alipomaliza, picha zilikuwa zimekaribia 600. Sehemu yake ilichapishwa mwaka wa 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya, na mkusanyiko wenyewe ukahifadhiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya jijini Nairobi.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha hizi ni hazina. Kamera nyingi za enzi hizo zilitoa picha za rangi nyeusi na nyeupe, hali mapambo ya jamii zetu huzungumza kwa rangi. Ushanga mwekundu si sawa na wa buluu. Udongo uliosiliba nywele za mwanamume wa Kipokot au wa Kiturkana ulieleza umri na hadhi yake. Ngozi aliyovaa kijana wa Kinandi aliyetoka jandoni haikuwa vazi tu, bali tamko kwa jamii kwamba amevuka daraja fulani. Msomi wa fasihi simulizi anaelewa maleba ni nini: ni lugha bila maneno. Joy Adamson, aliyezoea kuhesabu petali, alihesabu pia shanga, na kwa hilo tunamshukuru.

Hata hivyo, uangalifu huo una upande wa pili. Mchoraji alitafuta mavazi ya jadi hata mahali ambapo yalikuwa yamebakia ya sherehe tu. Katika miaka hiyohiyo watu haohao walivaa makoti na kaptura, walipanda gari moshi, walijifunza kusoma, wengine walikuwa wamerudi kutoka vitani Burma. Hayo hayaonekani katika picha. Mtu anayezitazama anaweza kudhani kuwa saa ilikuwa imesimama Kenya, na kwamba ni mchoraji pekee aliyekuwa akitembea.

Tena kulikuwa na mambo mazito zaidi. Oktoba 1952 serikali ileile iliyomlipa mchoraji ilitangaza hali ya hatari. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walitiwa katika kambi za kizuizini. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka wa 1920, mwanamume Mwafrika alikuwa amelazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, mara nyingi akikining'iniza shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Kipande kilikuwa na jina la mtu lakini hakikuwa na utu wake. Picha ya Joy ilikuwa na sura ya mtu, lakini mara nyingi ilimtaja kwa kabila na hadhi tu: mzee wa jamii fulani, mganga, bi harusi, mcheza ngoma. Huko jina bila sura, huku sura bila jina.

Simba na umaarufu

Mnamo Februari 1956 George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemshambulia, kisha akagundua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu. Wawili kati yao walipelekwa katika hifadhi ya wanyama ya Rotterdam nchini Uholanzi. Wa tatu, aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, alibaki nyumbani akaitwa Elsa. Akina Adamson walimlea, kisha wakamfunza kuwinda na kuishi porini katika eneo la Meru, jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani. Kitabu Born Free kilitoka mwaka wa 1960. Elsa alikufa Januari 1961, na filamu ikafuata mwaka wa 1966.

Kutoka hapo brashi ilizidiwa nguvu na kalamu. Joy aliandika vitabu vingine, akamlea duma aliyeitwa Pippa na baadaye chui aliyeitwa Penny, na akachangisha fedha za kuhifadhi wanyamapori katika nchi nyingi. Nyumba yake ya Elsamere kando ya Ziwa Naivasha ingali kituo cha elimu ya uhifadhi. Mwaka wa 1978 alichapisha tawasifu yake.

Tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa karibu na kambi yake katika hifadhi ya Shaba, Isiolo. Habari za kwanza zilieleza kwamba ameuawa na simba. Uchunguzi ulionyesha kwamba majeraha yalikuwa ya silaha yenye makali, na kijana aliyewahi kumfanyia kazi alihukumiwa kwa mauaji hayo. Hata kifo chake ulimwengu ulitaka kukisoma kama hadithi ya simba, ilhali kilikuwa kisa cha binadamu na binadamu mwenzake. Majivu yake yalipelekwa Meru, walikozikwa Elsa na Pippa.

Swali la jina

Elsa ana jina, ana kaburi na ana vitabu. Je, yule mzee aliyekaa saa nyingi mbele ya mchoraji, akiwa amevaa joho la ngozi na pete za masikio, alikuwa nani? Alikuwa na watoto wangapi? Alilipenda jua la saa sita alilokalishwa ndani yake?

Mtu asiseme kwamba hivyo ndivyo walivyofanya wachoraji wote wa Ulaya. Mwaka wa 1521, mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer alimchora mwanamke Mwafrika aliyekuwa akitumika katika nyumba moja mjini Antwerp. Juu ya karatasi aliandika jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Karne tano zimepita na bado tunaweza kumwita. Gottfried Lindauer, aliyezaliwa mwaka wa 1839 huko Plzeň, nchi ambayo leo ni hiyohiyo alikozaliwa Joy, alihamia New Zealand akawachora Wamaori. Wengi wa aliowachora wanajulikana kwa majina, na vizazi vyao huenda katika jumba la sanaa la Auckland kuwaamkia wahenga wao. Tofauti kati ya picha ya mhenga na picha ya kabila ni neno moja tu lililoandikwa pembeni.

Hitimisho

Joy Adamson alikuwa mchoraji wa kweli, naye alituachia kile ambacho hatungekipata kwingineko. Alikuwa pia mtu wa zama zake, aliyetazama kwa jicho la waliomtuma. Kumsifu bila kumhoji ni kusahau waliokaa mbele yake. Kumhoji bila kumsifu ni kukataa urithi wetu wenyewe.

Kazi iliyobaki ni yetu. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka wa 1950 sasa amepita miaka 90. Wanafunzi wa fasihi simulizi huenda Marakwet, Pokot, Nandi na Turkana kila mwaka kukusanya ngano na methali. Wakibeba nakala za picha hizi, yumkini ajuza mmoja atamtambua dada yake, au babu atasema huyu ni baba. Vilevile tujikague sisi wenyewe: ni mara ngapi tumeandika katika tasnifu zetu kwamba ngano ilisimuliwa na mzee wa kijiji, tukaliacha jina la fanani aliyekuwa radhi tumtaje? Tukifanya hivyo tunachora picha nyingine isiyo na jina, na safari hii brashi imo mikononi mwetu.