Akhmet Baitursynuly na Viambishi vya Kikazaki

Wengi wetu sarufi tunaisoma ili tusidisko tu, mtihani ukiisha tunaitupa. Ndiyo maana nataka tumjue Akhmet Baitursynuly, mwalimu wa Kikazaki aliyeyapa maisha yake mambo hayo hayo ya nomino na viambishi.

Alizaliwa 1872 katika nyika za Torgai, enzi Wakazaki wanatawaliwa na mfalme wa Urusi. Akiwa bado mtoto, baba yake alipelekwa Siberia kwa kosa la kumpiga mkuu wa wilaya. Akhmet akasomea ualimu Orenburg, akamaliza 1895. Mwaka 1909 akafungwa kwa ajili ya siasa. Alipotoka akarudi Orenburg, na kuanzia 1913 akahariri gazeti la Qazaq.

Sarufi za Kikazaki zilizokuwepo ziliandikwa na Warusi, kwa Kirusi. Yeye akazirekebisha herufi za Kiarabu zifuate sauti za Kikazaki, kisha akawaandikia watoto sarufi kwa lugha yao. Hata istilahi alizitoa humo humo: nomino akaiita zat esim.

Chukua neno kitap. Ndiyo kitabu chetu, sote tumelitoa kwenye Kiarabu. Sisi tukaigeuza ki- kuwa ngeli, tukapata vitabu. Wao wanaongeza nyuma: kitabym ni kitabu changu, kitabymda ni ndani ya kitabu changu. Anatajwa mwenye kitu kwanza, mahali panafuata. Sisi nasi tunacho kidogo cha namna hiyo: mwanangu, nduguye, nyumbani. Kirusi hakina kiambishi cha kumiliki mwishoni mwa nomino, kwa hiyo ukinakili sarufi ya Kirusi tu, jambo hili halina pa kukaa. Baitursynuly alilipa nafasi yake.

Ufalme ukaanguka, wakaja Wasovieti. Walimkamata 1929, wakampeleka kaskazini ya mbali. Akaachiwa 1934, akakamatwa tena 1937, na Desemba mwaka huo akapigwa risasi Almaty. Jina lake lilisafishwa 1988. Miaka yote hiyo watoto wa Kikazaki walikuwa darasani wakisema zat esim, bila kutajiwa aliyewapa neno hilo.

Kwa hiyo jamani, mtu akiniambia kutunga istilahi za Kiswahili ni kupoteza muda, mimi simwelewi. Dola iliweza kumuua mwalimu, ila maneno aliyowaachia wanafunzi ilishindwa kuyafuta.