Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mtu wa Sala

Mkatekumeni wa Kpandroma atokapo shambani jioni, jembe begani na matope miguuni, huweza kudhani kwamba kukaa karibu na Mungu ni kazi ya mapadri na masista, walio na kanisa mlangoni na kengele ya kuwaita. Isidore Bakanja hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mfanyakazi, akabatizwa miaka mitatu tu kabla ya kufa, na Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Alizaliwa Bokendela, katika nchi ya Wamongo, karibu na mwaka 1887. Ni mbali na Ituri, ng'ambo ya msitu mkubwa. Siku zile Wakongo walitaabishwa sana kwa ajili ya mpira na pembe za ndovu. Alipokuwa kijana alikwenda Mbandaka, mji ulioitwa wakati ule Coquilhatville, akapata kazi ya kuwasaidia waashi. Huko Mapadri Watrapisti walikuwa wakifundisha dini, naye akajiandikisha. Akabatizwa tarehe 6 Mei 1906, akapewa Kipaimara mwezi wa Novemba, lakini Komunyo ya kwanza aliipokea Agosti 1907. Wale wanaonung'unika kwamba mafundisho ni marefu na wauangalie mwendo huo: hata baada ya ubatizo alingoja mwaka na zaidi.

Alipewa rozari na skapulari ya Mama Maria wa Mlima Karmeli, yaani vitambaa viwili vidogo vilivyofungwa kwa uzi, kimoja kifuani na kimoja mgongoni. Skapulari si hirizi. Haikumkinga Bakanja na fimbo, kama itakavyoonekana. Ilikuwa alama ya kwamba yeye ni mtoto wa Maria, naye hakutaka kuificha.

Baadaye akawa boi wa Mzungu mmoja wa kampuni, akamfuata mpaka Ikili, ndani ya msitu. Ikili hapakuwa na kanisa, wala padri wa kumwungamia, wala Misa ya Dominika. Hapo ndipo Wakristo wengi hupoa. Mtu huacha sala ya asubuhi kwa sababu ya haraka, kisha ya jioni kwa sababu ya uchovu, na mwishowe hamkumbuki Mungu ila penye matanga. Bakanja alishika yale machache aliyofundishwa. Alisali rozari yake kila alipopata nafasi, na wenzake walipouliza aliwafundisha sala.

Mkuu wa Ikili, Van Cauter, aliwachukia wamisionari. Alikataza sala, akaamuru ile skapulari ivuliwe. Bakanja alikuwa mtii katika kazi, lakini neno hilo hakulikubali. Siku moja mwaka 1909 Van Cauter akaikata skapulari shingoni mwake, akaamuru apigwe. Wengine wakamshika mikono na miguu, mwingine akampiga kwa fimbo ya ngozi ya tembo yenye misumari, mapigo zaidi ya mia, mgongo ukawa kidonda kitupu. Kisha akafungwa minyororo.

Mkaguzi wa kampuni alipokuwa anakuja, Van Cauter alitaka mtu huyo aondolewe asionekane. Bakanja akajificha porini. Watu wa Djugu waliopata kukimbia usiku na watoto mgongoni wanajua pori ni nyumba ya namna gani. Yeye alikuwa humo peke yake, na vidonda vinanuka. Mkaguzi Dörpinghaus akamwona, akamhurumia, akamchukua ili atibiwe. Lakini vidonda havikupona.

Mapadri wawili Watrapisti walifika kwake mwezi wa Julai. Akaungama, akapokea Komunyo na Mpako wa wagonjwa. Wakamwuliza habari za aliyemtesa. Akajibu kwamba hana hasira naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Aliyeumizwa na jirani yake ajua jinsi neno hilo lilivyo zito mdomoni. Bakanja hakulipata siku ile kitandani. Kwa miaka mitatu, punje kwa punje, alikuwa amemwomba Baba amsamehe kama yeye anavyowasamehe waliomkosea, na siku ya kulipa ilipofika moyo ulikuwa umekwisha kuzoea.

Tarehe 15 Agosti 1909, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, Wakristo walikusanyika kusali. Mgonjwa ambaye kwa siku nyingi hakuweza kusimama akainuka kitandani, rozari mkononi, akatembea polepole mpaka kwenye migomba. Alikaa huko akisali. Akarudi, akala kidogo, akalala, akafa. Wakamzika na rozari yake mkononi na skapulari shingoni.