Deringer: fundi wa bastola ya mfukoni aliyepigania jina lake

Henry Deringer alikuwa fundi wa bunduki mjini Philadelphia, Marekani. Jina lake la ukoo liliandikwa kwa herufi "r" mbili, moja karibu na mwanzo na nyingine mwishoni. Dunia imeliongezea ya tatu. Leo hii katika kamusi za Kiingereza, "derringer" ni bastola yoyote fupi ya kufichwa mfukoni, hata kama aliyeitengeneza hakuwahi kumsikia mzee huyo. Herufi hiyo ya ziada ina historia yake, na ni historia ya sokoni zaidi kuliko ya vitani.

Deringer alizaliwa Oktoba 26, 1786 katika mji wa Easton, jimbo la Pennsylvania. Baba yake, ambaye naye aliitwa Henry, alikuwa mhamiaji wa Kijerumani aliyetengeneza zile bunduki ndefu za wawindaji zilizokuja kujulikana kama bunduki za Kentucky. Mtoto alikulia kwenye vumbi la chuma na mbao. Baadaye alipelekwa Richmond, Virginia, kuongeza ujuzi kwa mafundi wengine, na mwaka 1806 akafungua karakana yake Philadelphia. Hakuhama tena. Alifanya kazi katika mji huo kwa zaidi ya miaka 60.

Kwa miaka mingi mteja wake mkubwa alikuwa serikali. Alipata mikataba ya kutengeneza bunduki za jeshi, zikiwemo za mfano wa mwaka 1817, na alizitoa kwa maelfu. Alitengeneza pia bunduki ambazo serikali iliwapa wenyeji wa asili wa Marekani kwa mujibu wa mikataba iliyowaondoa katika ardhi zao na kuwasukuma magharibi. Ni sehemu ya mali yake isiyopendeza kuisimulia, lakini bila hiyo karakana isingesimama. Zabuni ya serikali hulipa vizuri mwaka huu na kukauka mwaka ujao, na Deringer alikuwa mtu wa hesabu. Kuanzia miaka ya 1820 aligeukia bastola, na kila miaka ilivyopita alizifanya fupi zaidi.

Mtu wa zama hizo aliyetaka silaha ya kutembea nayo kila siku alikuwa na chaguo gumu. Bastola za kupigania na za askari wa farasi zilikuwa ndefu, za kuning'inizwa kiunoni au kwenye tandiko. Samuel Colt alipoleta bastola yake ya silinda inayozunguka mwaka 1836, mtu aliweza kupiga risasi kadhaa bila kujaza upya, lakini silinda ile ilituna. Ile ya Colt ya mwaka 1851, iliyopendwa sana, ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Ukiiweka chini ya koti, koti linalegea upande mmoja na kila mtu anaona. Mwenye nayo anachoka, na siku moja anaiacha nyumbani. Siku hiyo ndiyo anayoihitaji.

Deringer alianzia kwenye mfuko na kurudi nyuma. Bastola yake haikuwa na silinda. Ilikuwa na mtutu mmoja mfupi, nyundo upande wa kulia, na kitako cha mti wa jozi kilichopinda kama kichwa cha ndege, bila kona za kukwaruza bitana ya kizibao. Mapambo yake yalikuwa ya aloi nyeupe inayofanana na fedha. Mteja aliweza kuchagua urefu wa mtutu, kuanzia sentimita nne hivi mpaka zaidi ya kumi. Zile fupi zilimezwa na mfuko wa kizibao cha bwana au mkoba wa bibi. Ndani ya mtutu palichongwa mifuo, na tundu lilikuwa pana kwa kimo chake, kwa kawaida kama milimita kumi, kwa hiyo risasi ilikuwa nzito.

Starehe hiyo ilikuwa na bei yake. Bastola ilijazwa kwa mdomo wa mtutu, baruti kwanza kisha risasi, na kuwashwa kwa fataki ndogo ya shaba iliyovalishwa chini ya nyundo. Ilipiga mara moja tu. Kujaza upya kulihitaji dakika ya utulivu, na mtu anayevamiwa hana dakika hiyo. Baruti iliyokaa mfukoni siku nyingi ilishika unyevu, na fataki iliweza kuanguka au kukataa kuwaka. Kwa mtutu mfupi namna ile, kulenga kitu kilicho mbali ya upana wa chumba kulikuwa kubahatisha. Wanunuzi walilijua hilo. Ndiyo maana bastola za Deringer ziliuzwa zaidi kwa jozi, mbili zinazofanana katika sanduku moja, ili moja ikikataa au ikikosa, mkono wa pili uwe na kitu. Hatari nyingine, ambayo wauzaji hawakuipigia kelele, ni kwamba silaha isiyoonekana iligeuza ugomvi wa meza ya karata kuwa msiba kabla wenzao hawajajua nani alikuwa na nini.

Kilichomtajirisha ni California. Dhahabu ilipoonekana huko mwaka 1848, maelfu ya watu walielekea upande huo. Reli ya kuvuka bara ilikuwa haijajengwa. Wengine walizunguka ncha ya Amerika Kusini kwa meli, wengine walikatiza Panama, wengine walikwenda nchi kavu kwa mabehewa. Walikofika, dhahabu ya unga ilibebwa kwenye vifuko, benki zilikuwa chache, na polisi wachache kuliko benki. Msafirishaji wa leo anayetuma malipo kwa simu kabla hajapanda basi anaweza kufikiri hali ya mtu aliyelala nyumba ya wageni San Francisco akiwa na faida ya mwaka mzima chini ya mto. Mtu huyo alitaka bastola isiyoonekana, na aliitaka yenye jina la Deringer.

Deringer hakufunga safari kwenda kuuza. Alitumia mawakala katika miji ya mbali, na baadhi ya bastola zilitoka Philadelphia zikiwa na jina la wakala limegongwa juu ya mtutu. Jina lake mwenyewe lilikuwa kwenye kifunga mlipuo na kwenye mtutu: DERINGER, na chini yake PHILADELA, kifupi cha mji wake. Hakuwahi kuikatia hataza bastola ile. Pengine hakuona cha kukatia, maana mtutu, nyundo na fataki vilikuwa vya kila fundi, na kilichokuwa chake ni umbo, kipimo na uangalifu wa mkono. Kwa hiyo ulinzi wake wote ulikuwa maneno hayo mawili yaliyogongwa kwenye chuma.

Maneno mawili ni rahisi kuyagonga. Miaka ya 1850 bastola za kuiga zilijaa. Baadhi ya waigaji walikuwa waungwana kiasi cha kuweka majina yao wenyewe. Wengine waligonga DERINGER PHILADELA kama ilivyo. Waliomuuma zaidi walikuwa Slotter na wenzake, mafundi waliokuwa wametoka katika karakana yake. Walijua vipimo vyake vyote, walijua kitako kinapinda wapi, na walifanya kazi katika mji uleule, kwa hiyo hata neno Philadelphia halikuwa uongo. Kazi yao haikuwa mbovu sana. Mnunuzi wa San Francisco akiwa na bastola mbili mkononi, moja ya mzee na moja ya wanafunzi wake, alihitaji jicho la fundi kuzitenganisha.

Kuna waliokwenda mbali zaidi. Kampuni moja ilimtafuta fundi cherehani aliyeitwa John Deringer, ikamwingiza kwenye biashara, na kuanza kugonga "J. Deringer" kwenye bastola zake. Kisheria jina lilikuwa la cherehani huyo tangu kuzaliwa. Ujanja huo haujazeeka. Anayenunua bidhaa jumla mpakani amekwisha kuona boksi lenye jina analolifahamu, limepungua herufi moja au kuongezwa nukta, na bei imeshuka kidogo tu, isije ikaleta mashaka.

Bastola za Slotter ziliuzwa San Francisco na mfanyabiashara wa silaha aliyeitwa A. J. Plate. Deringer, ambaye wakati huo alikuwa amepita miaka 70, alimshtaki huko huko California, upande wa pili wa bara. Wapo ambao wangemshauri aache. Soko lilikuwa mbali, mashahidi walikuwa mbali, na umri ulikuwa umekwenda. Lakini mteja aliyenunua bastola isiyowaka hamlaumu aliyeigonga jina, anamlaumu mwenye jina, na silaha ya risasi moja haina nafasi ya kuomba radhi.

Kesi ilifika katika Mahakama ya Juu ya California, na uamuzi wake wa mwaka 1865 bado unatajwa na wanasheria. California ilikuwa imetunga sheria ya alama za biashara miaka miwili tu kabla. Majaji walisema haki ya mfanyabiashara juu ya alama yake haizaliwi na daftari la usajili. Inazaliwa na matumizi, pale anapoiweka alama hiyo kwenye bidhaa na kuipeleka sokoni. Kisha wakasema jambo ambalo kwa wakati ule, majimbo yakiwa kila moja na sheria zake, halikuwa dogo: haki hiyo haiishii kwenye mpaka. Mtengenezaji wa Philadelphia anamiliki alama yake New York na San Francisco kwa kiwango kilekile anachoimiliki nyumbani. Mzee alishinda. Hata hivyo, kitabu cha mahakama kilichohifadhi ushindi huo kiliandika jina la mlalamikaji kwa "r" mbili zilizofuatana: Derringer dhidi ya Plate.

Kufikia wakati huo, jina lilikuwa limeshika sababu nyingine ya kujulikana. Usiku wa Aprili 14, 1865, mwigizaji John Wilkes Booth aliingia katika chumba cha Rais Abraham Lincoln ndani ya ukumbi wa Ford's Theatre, Washington, akampiga risasi kisogoni. Silaha yake ilikuwa bastola ya Deringer yenye urefu usiofika sentimita 15 na uzito wa kama gramu 230, pungufu ya robo kilo ya sukari. Alipita nayo ukumbini na hakuna aliyeshtuka. Ilipokwisha kupiga risasi yake moja aliitupa sakafuni na kuchomoa kisu, ambacho alimjeruhi nacho Meja Henry Rathbone aliyejaribu kumkamata. Rais alifariki asubuhi iliyofuata.

Sifa zote zilizoifanya bastola ile ipendwe na msafiri wa dhahabu, yaani ufupi, wepesi na kutoonekana, zilimfaa pia muuaji. Fundi hakuhusika na njama, na hakuna aliyemtuhumu. Lakini alikuwa na miaka 78, ametumia miongo akitaka jina lake lihesabiwe ni lake peke yake, na sasa lilikuwa katika kila gazeti la nchi karibu na damu ya rais. Magazeti mengi yaliliandika vibaya. Kosa hilo likaota mizizi.

Henry Deringer alifariki Philadelphia mwaka 1868 akiwa na umri wa miaka 81, akazikwa katika makaburi ya Laurel Hill. Aliacha mali, lakini bastola yake ilikuwa tayari inapitwa na wakati, kwa kuwa risasi za ganda la chuma zisizohitaji fataki wala kujaziwa mdomoni zilikuwa zimeingia sokoni. Kampuni ya Remington ilianza mwaka 1866 kutengeneza bastola ya mfukoni ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, na iliendelea nayo mpaka mwaka 1935. Watu waliiita derringer, kwa ile "r" ya ziada na kwa herufi ndogo. Mahakama ilikuwa imemlinda dhidi ya watu walioiba jina lake. Dhidi ya watu waliolipenda hadi likawa neno la kawaida, hakuna mahakama iliyoweza kumsaidia.

Bastola iliyomuua Lincoln ipo hadi leo katika makumbusho ya Ford's Theatre. Miaka ya 1990 kulizuka madai kwamba wezi waliichukua katika miaka ya 1960 na kuweka ya bandia mahali pake. Mwaka 1997 ilipelekwa kwenye maabara ya FBI, ambako wataalamu waliilinganisha na picha zilizopigwa miaka ya 1930, wakifuata mizunguko ya mti kwenye kitako na ufa wa zamani uliowahi kuzibwa. Vyote vililingana. Ilikuwa ya Deringer mwenyewe.