Pierre de Fermat, mwamuzi aliyependa hesabu

Wengi wetu tulifikiri Fermat alikuwa profesa. Hapana. Alizaliwa Beaumont-de-Lomagne, kusini mwa Ufaransa, mwanzo wa karne ya 17. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Tangu 1631 mpaka kufa alikuwa mwamuzi katika korti kubwa ya Toulouse. Hesabu alizifanya saa za kupumzika tu.

Mara kwa mara alitumwa Castres, kwenye korti ya pekee yenye waamuzi nusu Wakatoliki na nusu Waprotestanti, juu ya kukata maneno kati ya watu wa pande hizo mbili. Yeye alikuwa Mkatoliki. Mwaka 1653 habari ilienea kwamba tauni imemwua, kumbe angali mzima.

Pengine korti ilimfundisha namna yake ya hesabu: unamwacha mtu aseme yote, mpaka maneno yake yapigane yenyewe. Tukamate 23. Mtu anasema inatoka kwa kujumlisha miraba miwili, ni kusema namba mbili, kila moja imezidishwa kwa yenyewe. Vizuri, tumwamini kwanza. 23 ni witiri, haigawanyiki kwa mbili. Basi mraba mmoja ni shufwa na ule mwingine ni witiri. Mraba shufwa unagawanyika kwa 4 bila kubakiza kitu. Mraba witiri unabakiza 1 kila mara: angalia 9, 25, 49. Basi jumla yao lazima ibakize 1. Lakini 23 inabakiza 3! Mtu yule amejifunga mwenyewe, nasi hatukujaribu namba hata moja. Hata 1003 inaanguka vilevile.

Na namba tasa zinazobakiza 1, kama 5, 13 na 29? Tarehe 25 Desemba 1640 Fermat alimwandikia padri Mersenne wa Paris kwamba zote ni jumla ya miraba miwili. Baadaye alieleza njia: ukidhani moja inakataa, itakuwako ndogo zaidi inayokataa, kisha ndogo tena, mpaka 5, nayo ni 1 na 4. Hatua zenyewe hakuziandika. Sisi tukifanya hivyo kwa mtihani, tunapata ziro! Aliyezikamilisha, mwaka 1749, ni Leonhard Euler, mtoto wa mchungaji Mprotestanti wa Basel.

Fermat alikufa kule Castres tarehe 12 Januari 1665, akiwa angali kazini. Mwana wake Samuel alikusanya maandishi aliyoyaacha pembeni mwa kitabu cha Diophantus, akayachapisha mwaka 1670.