Carl von Linde na Ugomvi wa Hewa Baridi

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mlio madarasani, nani kati yetu haifahamu Liemba, meli ya Wajerumani iliyoshushwa majini Kigoma mwaka 1915? Katika miaka ya 1970 ilitolewa mitambo ya mvuke ikafungwa injini za dizeli. Rudolf Diesel, mwenye jina hilo, alikuwa mwanafunzi wa Carl Linde huko Munich. Huyo mwalimu ndiye ninayemwandika.

Linde alizaliwa mwaka 1842, mtoto wa mchungaji. Mwaka 1864 alifukuzwa chuo cha ufundi cha Zürich kwa kushiriki maandamano ya wanafunzi, akaondoka bila stashahada. (Walimu wa mabweni wanisamehe, siwafundishi vijana kugoma.) Hata hivyo, mwaka 1868 alikuwa tayari mwalimu wa chuo, na mwaka 1879 alianzisha kampuni ya mashine za barafu. Wateja wake wakubwa walikuwa watengenezaji wa bia.

Mwaka 1895 alifaulu kugeuza hewa kuwa maji. Hewa hushindiliwa kwa nguvu, kisha huachiwa itanuke ghafla, ikapoa; ile iliyopoa hurudishwa kuipoza inayokuja nyuma yake, mpaka matone yaanguke. Oksijeni huchemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, naitrojeni 196, na kwa tofauti hiyo ya nyuzi 13 hutenganishwa. Mtungi wa fundi wa kuchomelea vyuma na ule wa hospitali asili yake ni hapo.

Basi, ugomvi. Mwingereza William Hampson, mwanasheria aliyesomea Kilatini na Kigiriki, alikuwa na wazo lilelile. Aliomba hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi wake, London tarehe 23 Mei 1895. Linde aliomba Ujerumani tarehe 5 Juni. Siku 13 tena! Sisi tuliozeeka na majalada tunajua uzito wa mhuri wa tarehe, lakini mhuri haukutosha. Mashine ya Hampson ilikuwa ndogo, ya maabara. Nayo ilimpatia Ramsay hewa ya maji iliyomwezesha kugundua gesi ya neon mwaka 1898. Haki zake zilichukuliwa na kampuni ya Brin's Oxygen. Linde alikuwa na kiwanda, mafundi na wateja. Huko Paris, Georges Claude alipita njia nyingine mwaka 1902, akiifanya hewa isukume pistoni inapotanuka, na kampuni ya Air Liquide ikazaliwa.

Mwaka 1906 Linde aliwapa Brin's hataza zake za Uingereza, akapata hisa na kiti katika bodi. Kampuni ikaitwa British Oxygen. Kiti hicho alikikalia hadi 1914, mwaka wa vita.

Hampson, ambaye mimi namwona alipunjwa, aligeukia uganga wa hospitali, akafa 1926. Linde alifariki 1934, akiwa na miaka 92. Mwaka 2006 kampuni ya Linde iliinunua British Oxygen yote.