Siti binti Saad na Nyimbo Zinazoimbwa Upya

Kila nyimbo za Siti binti Saad zinapotolewa upya kwa vinanda vya umeme, wapenzi wa taarab ya asili huinamisha vichwa. Huzuni yao haifai kupuuzwa, ila yafaa ijulikane inalilia nini.

Siti alizaliwa Fumba, karibu na mwaka 1880, katika ukoo uliotoka utumwani, akaitwa Mtumwa. Alitembeza vyungu, na kuvinadi njiani ndiko kulikompa mazoea ya kupaza sauti. Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarab wakati huo ilikuwa starehe ya wakubwa, na lugha yake Kiarabu. Yeye akaisemesha Kiswahili. Basi anayedai kwamba cha kale kisiguswe, na ajue kuwa mgeuzaji mkubwa alikuwa Siti mwenyewe! Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri.

Hasara iko kwingine. Wimbo wake wa Kijiti ulisimulia mauaji ya mwanamke: mwuaji alitoroka, na waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Yalikuwa mashtaka dhidi ya mahakama za kikoloni, yakiimbwa hadharani na mtu asiyejua kusoma. Mwimbaji wa leo akizikata beti hizo ili watu wapate kucheza, amebakiza nini? Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba wimbo huo na uchungu wake wote.

Siti alifariki mwaka 1950. Santuri za zama zake huvunjika upesi, na waliozinunua zikiwa mpya wamekwisha. Idara za utamaduni zizikusanye sasa, pamoja na maneno ya kila wimbo.